Mshale gani kwa nyama gani?

Ndugu wanakoperative, kwa wawindaji Waefe wa Ituri mishale ni ya namna mbili. Ya ncha ya chuma (chuma chenyewe mara nyingi kinatoka kwa wakulima Walese) ni ya mboloko: unapiga kwa karibu, na damu inaonyesha njia. Ya mti mtupu, nyepesi, iliyopakwa sumu, ni ya makaku juu ya miti.

Tunajua makaku wanamaliza mahindi. Lakini mshale wa sumu ukikosa unabaki kwenye majani, na kesho watoto wanakuja kupalilia bila viatu. Karibu na mashamba yetu tusiikubali. Mwindaji ahesabu mishale yake akiingia na akitoka. Na okapi asiguswe na mshale wowote: sheria inamlinda tangu 1933.