Je, Wajua Pikapu ya Rimoti Huchaguliwa kwa Uwanja Wake?

Chukua pikapu ya kweli yenye uzito wa tani mbili, uipunguze mara kumi kwa urefu, upana na kimo. Itabaki na kilo ngapi? Wengi hujibu mia mbili. Jibu ni kilo mbili tu, kwa sababu imepungua pande tatu: 10 mara 10 mara 10, yaani mara 1,000. Lakini uimara wa mkono unaoshika gurudumu hutegemea eneo la uso wake pale ungeukata kwa msumeno, na eneo hilo limepungua pande mbili tu, yaani mara 100. Kwa hiyo gari dogo, ukililinganisha na uzito wake, ni imara mara kumi kuliko lile kubwa. Ndiyo maana linaruka tuta, linaanguka kwa pua, linabiringika mara mbili, kisha linasimama na kuondoka. Pikapu ya tani mbili ikifanya hivyo inaishia gereji, kama haijaishia skrepa.

Magari haya ya rimoti yana historia ndefu. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa Sand Scorcher na Rough Rider, magari ya umeme yaliyoigwa kutoka magari ya mbio za jangwani. Mwaka 1987 ikaja Clod Buster, pikapu yenye matairi makubwa na mota mbili, moja kwa kila ekseli, na magurudumu yote manne yanakata kona. Mwaka 2008 Traxxas ya Texas, Marekani, ikatoa Slash, pikapu ya kipimo cha moja kwa kumi yenye urefu wa karibu sentimita 57. Yote haya hufunguliwa kwa bisibisi, hukarabatiwa, na yanaweza kudumu miaka.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni hili: inakimbia kilomita ngapi kwa saa? Mimi nasema swali hilo liwe la mwisho. La kwanza liwe: nitaiendesha wapi? Pikapu ya matairi makubwa iliyoinuka juu inafaa majani, mashimo na vifusi, ila ikikata kona kwa kasi inapinduka. Pikapu ya mbio za vumbi, aina ya Slash, imelala chini kidogo na bodi yake inafunika matairi. Penye changarawe na udongo ulioshindiliwa inatulia vizuri. Halafu kuna ile ya kupanda mawe. Hiyo inatembea polepole kama kinyonga, gia zake ni nzito, na uzuri wake ni kuchagua njia juu ya jiwe, sentimita kwa sentimita. Mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba atafurahia hii ya mawe kuliko inayopita kilomita 60 kwa saa, kwa sababu ile ya kasi itagonga ukuta kabla hajamaliza kubonyeza mafuta.

Ukifika dukani, iombe uishike mkononi. Inua magurudumu ya nyuma, shika gia kubwa isizunguke, kisha sukuma gurudumu la kulia kwenda mbele kwa kidole. La kushoto litarudi nyuma. Hiyo ndiyo difu ikifanya kazi, sawasawa na ile ya gari lako, na ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje ya kona kukimbia zaidi ya la ndani. Lakini gurudumu moja likining'inia hewani juu ya jiwe, hilo ndilo linalozunguka bure na la chini halisukumi. Kwa hiyo pikapu za mawe hufungwa difu kabisa, magurudumu mawili yakazunguka kama kitu kimoja. Za mbio huwekewa mafuta mazito ya silikoni ndani ya difu, yazuie kidogo bila kufunga.

Na ikiwa hewani? Hapa ndipo panaponipendeza kuliko pote. Gari likiwa juu ya tuta, ukibonyeza mafuta pua inainuka. Ukibana breki pua inashuka. Magurudumu yakizungushwa kwa nguvu kwenda mbele, bodi husukumwa kinyume, maana hewani hakuna kitu kingine cha kujiegemeza. Dereva mzoefu hulinyoosha gari lake kwa kidole kimoja kabla halijagusa ardhi.

Mota ziko za aina mbili. Yenye brashi ni rahisi na ina adabu kwa anayeanza, ila brashi zake huisha kwa kusuguana. Isiyo na brashi ina nguvu zaidi na haina cha kusuguana zaidi ya beringi. Kwenye hii utaona namba kama 3,500 kV: hiyo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Kwa betri ya volti 7.4 inapata mizunguko 25,900. Kwa ya volti 11.1, mizunguko 38,850. Usihadaike na namba hizo. Mota inayokimbia sana na gia isiyolingana nayo hupata joto, hasa kwenye majani marefu. Weka gia ya mota yenye meno machache, upoteze kasi kidogo, upate mota itakayoishi.

Betri ndiyo inayohitaji heshima. Seli moja ya lithiamu polima ni volti 3.7; ikijaa hufika 4.2, na ikishuka chini ya 3 huanza kuharibika. Hakikisha kifaa cha kudhibiti kasi kimewekwa kwenye hali ya lithiamu, kikate umeme mapema. Betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa ampea 5, muda wa saa moja hivi, kwa chaja inayosawazisha seli, mbele ya macho yako, kamwe si kitandani. Iliyovimba isichajiwe tena. Hiyo huweza kuwaka moto.

Mfanyabiashara akikuambia gari haliingii maji, mara nyingi anazungumzia vifaa vya umeme, si beringi. Jioni moja nilicheza na pikapu yangu ufukweni, nikaifuta kwa kitambaa nikaiweka kabatini. Wiki iliyofuata beringi za mbele zilikuwa na kutu na magurudumu yamegoma. Chumvi haina huruma. Ukitoka pwani, suuza kwa maji baridi, kausha, tia mafuta kidogo kwenye beringi siku hiyohiyo.

Basi kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji jambo moja: mkono wa mbele unaoshika gurudumu ni bei gani, na unapatikana lini? Huo ndio utakaovunjika kwanza. Asipokuwa na jibu, rudisha gari kwenye rafu, utafute lenye vipuri.