Kona ya Mtoto kwa Laki Tatu

Kuna kitu huwapata wanandoa wengi wa mjini mimba ikishafika mwezi wa sita. Mama ameanza kuchoka, baba ameanza kujisikia baba, na wote wawili wameanza kuangalia picha za vyumba vya watoto kwenye simu. Kitanda cheupe, kiti cha kubembea, ukuta wenye mawingu, zulia laini kama pamba. Baada ya wiki mbili za picha hizo mtu anaamka asubuhi anaiona nyumba yake yote ni banda. Hapo ndipo fedha ya kujifungulia inapoanza kupigiwa mahesabu mengine.

Mimi na mume wangu tulipita hapo mwaka 2022. Tulikuwa tumepanga Tabata, chumba kimoja, sebule na jiko, na mwenye nyumba alikuwa anapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtoto alitarajiwa Oktoba. Kodi ilikuwa inaisha Novemba. Katikati ya hapo kulikuwa na gharama za hospitali, na daktari alikuwa ameshatudokeza kwamba tujiandae na uwezekano wa upasuaji. Mume wangu, bila ubaya wowote, alikuwa ameona seti nzima kwenye duka moja la mjini: kitanda, kabati na meza ya kumbadilishia mtoto nepi, vyote rangi moja, milioni moja na laki nane. Mkopo wa kazini ungetosha. Fomu alikuwa nayo kwenye begi.

Tulikaa chini jioni moja na daftari. Nakushauri na wewe ukae na mwenzi wako, na mkae kabla fomu haijasainiwa. Tuliandika kodi, hospitali, akiba ya upasuaji, nauli, mshahara wa dada wa kazi. Kilichobaki kwa ajili ya mtoto kulala kilikuwa 300,000. Hatukuichagua hiyo bajeti, ndiyo iliyobaki.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Jamani, kwa mwanaume anayesubiri mtoto wake wa kwanza, kuambiwa huwezi kumnunulia mwanao kitanda ulichokipenda kunauma, na sisi wanawake tulijue hilo kabla ya kufungua mdomo. Nilimwambia kazi ya kutafuta fundi ni yake, na neno la mwisho kwenye kitanda ni lake. Fomu ilikaa kwenye begi mpaka ikachakaa.

Kona inatosha

Watu wanaona aibu kusema mtoto hana chumba. Wala usione aibu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye mwongozo wake uliotolewa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, lakini kwenye kitanda chake mwenyewe, kwa angalau miezi sita ya kwanza. Kulala hivyo kunapunguza hatari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Kwa hiyo hata mwenye nyumba ya vyumba vitano Mbezi Beach anashauriwa asogeze kitanda cha mtoto chumbani kwake. Kile chumba chenye mawingu ukutani kingekaa kitupu nusu mwaka.

Sisi tulipata kona ya mita moja na nusu kwa mbili, kati ya kabati la nguo na ukuta. Hatukuweka kitanda chini ya dirisha. Dirisha letu linatazama magharibi, na jua la Dar es Salaam la saa kumi jioni unalijua. Halafu mapazia na kamba zake si vitu vya kukaa karibu na mikono ya mtoto. Feni tukaielekeza ukutani ili hewa izunguke bila kumpiga usoni.

Mama mkwe

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zinagombana kimyakimya juu ya jambo hili. Mama mkwe aliposikia tunatafuta kitanda alisema mara moja tu: mtoto hanunuliwi kitu kabla hajaja. Vijana tuna tabia ya kucheka maneno ya aina hiyo, tunayaita imani za kizamani. Mimi nilikuwa najua kwamba kabla ya mume wangu, mama yule alijifungua mtoto aliyeishi siku nne. Nguo zake zilikuwa zimeshonwa, zimefuliwa, zimekunjwa. Alirudi kutoka hospitali akazikuta kitandani. Mtu aliyezikuta nguo zile hahitaji kueleweshwa na shahada yangu ya mawasiliano.

Kwa upande mwingine, mtu anayetegemea mshahara hawezi kununua kila kitu kwa wiki moja. Tukakubaliana hivi: kitanda kitatengenezwa lakini kitabaki kwa fundi mpaka mtoto azaliwe. Nguo chache na shuka zitakaa kwa wifi yangu Kinondoni, ndani ya begi lililofungwa. Nyumbani kwetu tutapaka rangi tu, maana ukuta ni ukuta. Mama aliridhika. Na sisi tukapata faida ambayo hatukuipanga, maana kitanda kilikaa uwanjani kwa fundi karibu wiki tano kikipigwa upepo, na harufu ya vanishi ikaisha kabisa kabla hakijaingia ndani. Ukitengenezesha kitanda kipya, kipe muda huo hata kama mama mkwe wako hana neno.

Kitanda cha Keko

Kama unaishi Dar na hujawahi kwenda Keko kwa mafundi seremala, nenda kwanza ukaangalie, usiende na hela. Utatajiwa bei tatu za kitanda kilekile kwenye mita mia moja. Mninga ni mzuri na unadumu, ila bei yake si ya laki tatu. Tulichukua paini, mbao za msonobari kama zile zinazotoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Ni nyepesi, zinapigika msasa vizuri, na kwa mtoto asiyezidi kilo kumi na tano zinatosha sana. Tulilipa 130,000, nusu kabla na nusu baada.

Pendeza ya kitanda mwachie fundi. Usalama simamia mwenyewe, tena ukiwa na rula. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, la sivyo kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupita na kichwa kikakwama. Huna rula? Chukua kopo la soda, likipita kati ya fito nafasi ni kubwa mno. Fundi wetu alishangaa kuona baba mzima anazunguka kitanda na kopo la soda, lakini aliongeza fito nne bila kuongeza bei. Misumari yote izamishwe. Pembe zisiwe na vichwa vya mapambo vya kunasa nguo. Ubavu wa kitanda usiwe wa kupanda na kushuka. Vitanda vya ubavu wa kushuka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa, kwa hiyo ukiona kimoja cha mtumba kinauzwa bei ya kutupa, kiache hapohapo.

Godoro tulikata la sponji kwa vipimo vya kitanda, 35,000. Liwe gumu. Najua mkono wako utavutwa na lile laini, kila mtu anavutwa nalo, lakini mtoto mchanga anazama kwenye godoro laini na hana nguvu ya kugeuza uso. Likishaingia kitandani, vidole vyako viwili visipate nafasi ya kupita pembeni. Na ndani ya kitanda pasiwe na kitu kingine zaidi ya shuka lililobana na mtoto aliyelazwa chali. Mito, midoli, duveti, na yale mapambo ya pamba yanayofungwa kuzunguka fito yote yakae nje. Hayo ya kuzunguka fito Marekani iliyapiga marufuku kuuzwa kwa sheria iliyosainiwa Mei 2022, na huku kwetu bado yanaingia kwenye seti za maduka ya bei mbaya. Unaona basi, kukosa hela wakati mwingine kunakuepusha.

Rangi, khanga na belo la asubuhi

Tulipaka ukuta mmoja tu, wa upande wa kitanda. Lita nne za rangi ya maji, 32,000, brashi na rola 6,000, na idhini ya mwenye nyumba kwa mdomo mbele ya shahidi (anayejua wenye nyumba wa Dar ataelewa kwa nini shahidi). Tumia rangi ya maji, achana na ya mafuta, na soma kopo kama limeandikwa haina madini ya risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwenye rangi ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Kama ukuta wako una rangi ya zamani inayobanduka, mama mjamzito asikwangue. Mpe baba kazi hiyo, avae barakoa, awamwage maji kwanza vumbi lisiruke, halafu mama akalale kwa dada yake siku mbili.

Rangi yenyewe tulichagua krimu. Najua wengi wanasubiri kujua ni waridi au bluu, ila ukweli ni kwamba mtoto mchanga haoni tofauti hiyo ya maana. Wiki za mwanzo anaona vizuri vitu vilivyo sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, yaani umbali wa uso wako unapomnyonyesha, na kinachomvuta ni michoro yenye rangi zinazopingana sana, kama nyeusi na nyeupe. Nilipolisoma hilo nikacheka, kwa sababu pwani tumekuwa nayo muda mrefu: kisutu, ile khanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayovishwa maharusi. Doti moja 12,000. Kipande kimoja tulikitandaza kwenye fremu ya mbao tukakitundika ukutani, juu, mbali na mkono wake. Cha pili kikawa cha kumbebea. Hakuna picha ya mawingu iliyowahi kutazamwa kama ile khanga.

Shuka nilifuata Karume. Soko lilikuwa limeungua Januari mwaka ule, watu wakawa wanarudi na kujenga upya vibanda, na nilijisikia vizuri hela yangu kuishia pale. Fika saa kumi na mbili asubuhi belo linapofunguliwa, maana saa nne vizuri vyote vimekwenda. Shuka sita za pamba za kitanda cha mtoto, 15,000. Zifue kwa maji ya moto na upige pasi pande zote mbili, na zoezi hilo la pasi liendelee kwa kila nguo ya mtoto inayoanikwa nje, kwa ajili ya mayai ya inzi wanaotaga kwenye nguo mbichi. Bibi yako alikuwa sahihi.

Meza ya kubadilishia nepi hatukununua. Mkeka chini, mpira juu yake, kitambaa juu ya mpira. Mtoto aliye chini hana pa kuanguka. Nepi na losheni zilikaa kwenye kikapu cha Iringa, kile cha milulu, 20,000. Pazia tulikuwa nalo, tukaongeza fimbo ya 8,000. Neti yenye dawa nilipewa kliniki, kwa hiyo usikimbilie kuinunua kabla hujauliza, na usiifiche kabatini kwa sababu rangi yake haiendani na ukuta! Malaria haiangalii mapambo. Taa ndogo ya kuchaji 12,000, ya kunyonyeshea usiku na ya siku umeme ukikatika. Mshumaa usiuwashe chumba chenye neti.

Nguo za mtoto nakusihi usinunue zaidi ya seti tano. Marafiki wa ofisini watakufanyia bebi shawa utake usitake, na utarudi nyumbani na nguo za miezi mitatu za kuvisha darasa zima. Kama una rafiki wa karibu kwenye kamati, mnong'oneze kwamba unahitaji beseni na pampasi. Kunong'oneza si kuomba.

Mwanangu alizaliwa kwa upasuaji. Akiba ilitumika yote, na kodi ya Novemba ikalipwa siku yake. Siku ya tatu mume wangu alikodi guta kwa 10,000 akaenda Keko, akarudi amekaa juu ya kitanda chake kama mfalme. Jumla tulitumia 280,000. Mama mkwe ndiye aliyetandika shuka la kwanza, akalinyoosha, akalinyoosha tena, kisha akatoka nje kwa muda na hakuna aliyemfuata.

Bei hizo ni za wakati ule, na leo Keko utaongeza kidogo, hasa kwenye mbao na sponji. Kitanda chetu mtoto alikiacha akiwa na miaka miwili na nusu, alipoanza kuruka ukingo. Sasa kiko kwa jirani wa Segerea anayetarajia Februari. Tumemwambia anunue godoro jipya, akaze skrubu zote, na aje na guta lake.