Gitaa likihama sauti, tusikimbilie kulaumu nyuzi

Leo nazungumza na vijana wa bendi na kwaya hapa Songea, pamoja na wazee wa kamati wanaotoa fedha za vyombo.

Kikundi kinajikusuru na kununua gitaa la umeme lenye tremolo, yaani ule mkono wa chuma unaobonyezwa ili sauti iyumbe. Mpiga solo akiubonyeza mara mbili tatu, nyuzi zinahama sauti. Waimbaji wanakwenda huku, gitaa linakwenda kule. Kesho yake kamati inaambiwa nyuzi ni mbovu, zinunuliwe mpya. Zikifungwa mpya ugonjwa unazidi, kwa sababu uzi mpya huendelea kurefuka siku za mwanzo. Fedha imekwenda, na gitaa linawekwa pembeni kama kuni.

Ugonjwa huu unatibika. Mwaka 1954 Leo Fender wa Marekani alitoa gitaa la Stratocaster lenye mkono huo, na magitaa mengi ya bei nafuu yameiga mtindo wake. Mgongoni, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna springi 3 hadi 5. Nyuzi 6 zinavuta daraja upande mmoja kwa nguvu ya takriban kilo 40; springi zinalivuta upande wa pili. Ni mchezo wa kuvuta kamba. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainama na nyuzi nyingine tano zinalegea kidogo. Kwa hiyo tyuni zote, kisha anza tena upya, mara tatu au nne, mpaka zitulie. Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja mmoja.

Sasa, mkono ukibonyezwa kila uzi hulegea, na ukiachiwa uzi hutakiwa kurudi pale pale ulipotoka. Usiporudi, ama umekwama ama umeteleza. Sikiliza umekosea upande gani.

Ukirudi ukiwa juu ya sauti yake, tazama kile kipande chenye mifereji 6 mahali shingo inapokutana na kichwa. Huenda uzi umenasa hapo. Mara nyingi hata unapoukaza utasikia "tik". Legeza uzi, safisha mfereji, kisha paka unga wa penseli laini ili uzi uteleze. Kama mfereji ni mwembamba kuliko uzi, mwachie fundi autanue kidogo kidogo. Ukichimbwa mno, uzi utagusa shingo na kukoroma.

Ukirudi ukiwa chini ya sauti, tazama funguo za kukazia. Uzi uliozungushwa ovyo huteleza. Mizungo miwili au mitatu inatosha, ilale mmoja chini ya mwingine bila kupandana. Uzi mpya uvute taratibu kwa vidole, utyuni, uvute tena, mpaka usilegee.

Tukumbuke pia baridi yetu ya Juni na Julai. Gitaa lililotoka nje alfajiri likaingia katika ukumbi uliojaa watu lipewe muda wa kuzoea joto kabla ya kutyuniwa.

Na kama hakuna anayeutumia mkono huo, msiumize vichwa. Kazeni zile skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja lilale imara juu ya ubao, kisha tyuni upya. Gitaa litatulia, na mkono utunzwe. Siku moja atapatikana wa kuutumia.

Ninyi wazee wa kamati, kabla ya kutia sahihi fedha ya nyuzi zitakazoagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, mwulizeni mpiga gitaa swali moja: uzi unarudi juu au unarudi chini? Akiwa na jibu, huenda penseli ya mtoto wa shule ikatosha.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.