Ndugu Yetu Amezuiliwa na Uhamiaji Ugenini Wakati wa Korona: Familia Ifanye Nini?

AlhamduliLlaah, sifa zote njema anastahiki Allaah, na Swalah na salamu zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto, mume au kaka Uingereza. Ilipoingia korona, waliozuiliwa na Uhamiaji walipatwa na mtihani juu ya mtihani. Machi 2020 jamaa walizuiwa kuwatembelea katika vituo, na ndege nyingi zikaacha kuruka, hata aliyetakiwa kurudishwa kwao hakujua ataondoka lini. Na sheria ya huko haikuweka kikomo cha siku za kumzuilia mtu mzima, isipokuwa kwa wachache.

Ndugu Waislamu, fahamuni kwamba kuzuiliwa na Uhamiaji si hukumu ya jinai. Mtu huweza kuzuiliwa kwa sababu kibali chake kimekwisha tu. Lakini wengi wetu huficha kwa kuchelea maneno ya watu, tukasema "yupo, yuko kazini". Kuficha huko humdhuru aliyezuiliwa, kwa sababu baadhi ya anavyovihitaji viko nyumbani kwenu.

Tuzingatie kisa cha Nabii Ya'quub ('alayhis-salaam). Alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na huzuni yake akaishitakia kwa Allaah. Na pamoja na hayo aliwatuma wanawe wakatafute habari za Yuusuf na akawakataza kukata tamaa. Basi mama anayelia hana upungufu wa imani, na subira haimzuii mtu kutafuta njia.

Miongoni mwa njia hizo:

1. Andikeni jina la kituo na nambari ya faili lake. Vituoni huko huruhusiwa simu ya kawaida isiyo na kamera, basi wekeni saa maalumu ya kuzungumza naye, na watoto wasikie sauti yake.

2. Aliyezuiliwa ana haki ya kuomba dhamana mbele ya jaji. Muulizeni wakili wake anahitaji nini: anuani ya atakapokaa, mdhamini, au vyeti vya hospitali. Mwenye pumu, kisukari au presha asinyamaze. Mwanzoni mwa maradhi haya mamia waliachiwa, na hali ya afya ya mtu ilikuwa jambo linalotazamwa.

3. Jihadharini na matapeli. Kwa kawaida mdhamini huko huahidi kiasi cha pesa, na hakidaiwi ila masharti yakivunjwa. Anayepiga simu usiku akitaka atumiwe pesa haraka "amtoe", msimtumie kabla ya kumuuliza wakili. Na rushwa ni haramu.

Ama masuala yanayoulizwa sana:

Swalah ya Ijumaa haimuwajibikii asiyeweza kutoka, ataswali Adhuhuri.

Ndoa haivunjiki kwa mume kuzuiliwa, na matumizi ya mke hubaki juu yake. Mke aliyekosa matumizi aende kwa Kadhi, wala asijihukumie mwenyewe.

Zakaah: katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, fungu la kukomboa shingo ni la watumwa wanaojikomboa. Lakini familia iliyobaki bila kitu huingia katika mafakiri na masikini, na aliyekopa kwa jambo la halali akashindwa kulipa huingia katika wenye madeni. Majirani wasingoje kuombwa.

Watoto waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao: baba amezuiliwa, yu hai, na tunamuombea. Mtoto aliyedanganywa husikia kwa wenzake chuoni, na huumia zaidi.

Nabii Yuusuf ('alayhis-salaam) alipokuwa gerezani alimuomba mwenzake aliyekuwa akitoka amtaje kwa bwana wake. Yule akasahau, naye akabaki ndani miaka. Basi mtajeni ndugu yenu kwa wakili, kwa imamu, kwa jirani, na kabla ya wote hao, kwa Allaah katika sijda zenu.

Tunamuomba Allaah Awafariji wote waliozuiliwa na Awarudishe kwa watu wao salama. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.