Rangi mbili haitibu kideri cha kuku

Nikiwa katika ziara za nyumba kwa nyumba, mama mmoja alinionyesha kuku sita waliokufa kwa siku tatu. Kando yao niliona vidonge vya rangi mbili. Ni vya mume wake, aliyeandikiwa zahanati. Baba huyo alikatiza dozi yake ili kuku wapone.

Simcheki. Mimi pia niliwahi kuwapa kuku wangu, pamoja na pilipili, na wote walikufa.

Ugonjwa huu ni kideri, wengine huuita mdondo. Utaona kuku anasinzia, manyoya yamesimama, anaharisha kijani, anahema kwa shida, mwingine shingo inapinda. Huletwa na kirusi, na vidonge vile huua bakteria tu. Dawa ya kuutibu haipo. Unapoteza kuku, na mgonjwa wa nyumbani anabaki na dozi nusu.

Kinachosaidia ni chanjo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitengeneza chanjo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Miaka ya 2000 ilienezwa Tanzania, Msumbiji na Malawi. Wanakijiji wa kawaida, wanawake kwa wanaume, walifundishwa kuchanja, na mwenye kuku alilipa kiasi kidogo kwa kila kuku. Hata hivyo haipendi jua: ibebwe kivulini, imefungwa kwa kitambaa chenye maji.

Kila kuku hupata tone moja katika jicho moja, vifaranga pia, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Wachanjwe wakiwa wazima, kwani aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi. Tena chanjeni bloku nzima siku moja, maana kuku wetu hawajui mpaka wa plot.

Ukinunua kuku sokoni, mtenge wiki mbili. Usiuze mgonjwa kwa bei ya kutupa, utampelekea jirani kideri. Aliyekufa asiliwe, mfukie kwa kina, mbali na maji, kisha nawa kwa sabuni. Mgao wetu hauna yai, na mtoto aliyetimiza miezi sita analihitaji.

Kama bloku yenu haina mchanjaji, mwambieni kiongozi wa bloku aulize ofisi ya mifugo.

Baba yule nilimsindikiza zahanati mwenyewe.