Hatua za Kuchukua Paka Anapoanguka na Kujeruhiwa

Katika kaya nyingi za Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kilambo jirani na Mto Ruvuma, paka hufugwa ili kulinda nafaka na mazao mengine dhidi ya panya. Kazi hiyo humpandisha kwenye kenchi za paa, kuta na mikorosho, na wakati mwingine huanguka. Hatua zinazochukuliwa katika saa ya kwanza zinaweza kuokoa uhai wake na kuilinda familia.

Usemi kwamba paka ana roho saba umewafanya baadhi ya wafugaji kupuuza majeraha yake. Ni kweli kuwa paka ana uwezo wa kujigeuza hewani na kutua kwa miguu, lakini kishindo hupita miguuni na kufika kifuani, tayani na tumboni. Mwaka 1987, madaktari wa wanyama jijini New York, Marekani, walichapisha uchunguzi wa paka 132 walioanguka kutoka maghorofani. Takriban asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, ingawa wengi walikuwa na majeraha ya kifua. Paka anayetembea baada ya kuanguka anaweza kuwa ameumia mapafu au kibofu bila kuonesha jeraha lolote la nje.

Dalili za hatari

Jambo la kwanza ni kumtazama kabla ya kumgusa. Paka aliyetulia hupumua kati ya mara 20 na 30 kwa dakika, mdomo ukiwa umefungwa. Anayehema kwa mdomo wazi, mwenye fizi zilizopauka au za rangi ya buluu, anayeburuta miguu ya nyuma, anayetokwa damu puani au asiyeweza kukojoa anahitaji mtaalamu mara moja. Hata asipoonesha dalili hizo, afungiwe ndani na kuangaliwa kwa siku mbili, kwa kuwa baadhi ya majeraha hujitokeza baadaye.

Namna ya kumhudumia na kumbeba

Mnyama mwenye maumivu huweza kumuuma hata anayemlisha kila siku, hivyo watoto waondolewe karibu. Afunikwe taratibu kwa taulo au khanga, kisha atelezeshwe juu ya ubao au kadibodi ngumu bila kupindisha mgongo, na kuwekwa ndani ya boksi au tenga lenye matundu ya hewa. Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi kwa dakika tano mfululizo. Mfupa uliovunjika usinyooshwe wala kukandwa. Asipewe chakula wala maji, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Utaratibu huu unafaa pia kwa sungura, ambaye uti wake wa mgongo huvunjika kwa urahisi anapoponyoka mikononi mwa mtoto.

Dawa za binadamu ni sumu

Kosa linaloweza kumuua paka haraka kuliko anguko lenyewe ni kumpa parasetamoli. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuiondoa dawa hiyo mwilini, na sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu hadi zikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo ni hatari. Dawa ya maumivu itolewe na mtaalamu wa mifugo pekee.

Akimuuma mtu

Paka, kama mbwa, anaweza kueneza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara huishia kwa kifo. Jeraha la kuumwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo ili kupatiwa ushauri na chanjo. Paka akifa baada ya kumuuma mtu, mzoga usitupwe wala kuzikwa kabla ya afisa mifugo kupewa taarifa, kwa kuwa sampuli inaweza kuhitajika kwa uchunguzi wa maabara.

Mahali pa kupata huduma

Hatua ya kwanza ni kumpigia simu afisa mifugo wa kata au wa halmashauri, ambaye ataelekeza alipo daktari wa mifugo aliye karibu. Wakazi wa vijiji vya mbali, wakiwemo wanaotegemea kivuko cha Msangamkuu, wanashauriwa kupiga simu kabla ya kuanza safari ili mgonjwa apokelewe bila kuchelewa. Kwa usafiri, bajaji ni bora kuliko bodaboda, kwa kuwa boksi hutulia.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki kumtunza mnyama wake na kumwepusha na mateso. Wajibu huo huanza kabla ya ajali: kuziba matundu ya dari, kuhifadhi namba ya simu ya afisa mifugo, na kumchanja paka dhidi ya kichaa cha mbwa anapofikisha umri wa miezi mitatu, kisha kurudia chanjo kwa ratiba atakayopangiwa na mtaalamu.