Nyasa, Nyassa, Njassa: Tahajia za Kigeni na Majina ya Mahali katika Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Jina la ziwa linalopakana na Wilaya ya Kyela limeandikwa na Wazungu kwa tahajia nne: Nyassa, Nyasa, Njassa na Niassa. Ni rahisi kudhani kwamba tahajia hizo zinawakilisha matamshi manne, au hata majina manne. Makala hii inaonesha kuwa tofauti hizo zinatokana na kanuni za usomaji za lugha za waandishi wenyewe, na kwamba mtafiti asiyezizingatia huweza kukosea kuhusu asili ya jina.

Silabi ya kwanza ya jina hili huanza kwa nazali ya kaakaa gumu, fonimu moja ambayo Kiswahili huiandika ny. Katika Kijerumani, herufi j huwakilisha kiyeyusho y. Kwa hiyo Njassa ya Mjerumani ilimwelekeza msomaji wake kwenye sauti iliyokusudiwa. Mswahili akiisoma kwa kanuni zake, atatamka nj kama katika njaa. Wareno waliandika Niassa, tahajia inayodumu katika jina la mkoa wa Msumbiji. Kurudufishwa kwa s nako kuna sababu. Katika Kijerumani, Kireno na Kifaransa, s moja iliyo kati ya irabu mbili kwa kawaida hutamkwa z. Ss huilinda sauti ya asili.

Kwa Waingereza hali ni tofauti. Livingstone alifika ziwani mwaka 1859, na kitabu chake cha mwaka 1865 kina tahajia ya Nyassa. Baadaye Waingereza walizoea Nyasa, tahajia inayolingana kabisa na ya Kiswahili. Hata hivyo, matamshi yao ndiyo yaliyokwenda mbali zaidi. Kiingereza hakina fonimu ny, wala hakiruhusu mfuatano wa n na y mbele ya a mwanzoni mwa neno. Wasomaji wengi wa Kiingereza huigeuza y kuwa irabu na kutamka nai-a-sa. Jina la silabi mbili linakuwa na silabi tatu. Kulingana kwa tahajia, basi, si ushahidi wa kulingana kwa matamshi.

Suala la maana nalo lina uzito. Kwa maelezo yanayokubalika sana, nyasa ni nomino ya kawaida yenye maana ya ziwa, na hulinganishwa na nyanja na nyanza za lugha nyingine za Kibantu. Mgeni alisikia nomino ya kawaida, akaiandika kama nomino ya pekee. Ziwa Nyasa ni "ziwa ziwa", kama vile jangwa la Sahara lilivyo "jangwa jangwa", kwa kuwa jina hilo latokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo. Baada ya uhuru wa mwaka 1964, Malawi ililiita ziwa hilo kwa jina lake. Tanzania ikabaki na Nyasa. Katika mjadala wa mpaka, jina huweza kubebeshwa hoja ya umiliki. Neno linalomaanisha ziwa tu haliwezi kuubeba mzigo huo.

Aidha, si haki kuwalaumu Wazungu peke yao. Kinyakyusa kina irabu saba, ilhali othografia ya Kiswahili ina herufi tano za irabu; hivyo tofauti mbili za kifonimu hupotea katika vibao vya barabarani na ramani za Kyela na Rungwe. Kinyakyusa asilia hakina fonimu r, na wazungumzaji wake husema Lungwe. Serikalini huandikwa Rungwe. Kiswahili nacho, katika ufuko huu, ni lugha ya mgeni anayeandika alichosikia.

Kutokana na hayo, utafiti wa majina ya mahali hauna budi kuanzia kwa mzungumzaji. Jina linukuliwe kwanza kifonetiki, irabu zote saba zikitofautishwa. Kisha tahajia za kwenye ramani zilinganishwe nalo, kila moja ikisomwa kwa kanuni za lugha iliyoiandika. Etimolojia inayojengwa juu ya tahajia pekee huwa inaeleza historia ya mwandishi wa ramani, si ya wenyeji walioutaja mto, mlima au ziwa kabla yake.